Soma Sura Nzima, Shemeji

Kibomet, Kitale
24 Agosti 2003

Kwa Mama Hiram, mpendwa katika Bwana,

Nakusalimu kwa jina la Yesu ambaye ametuweka hai hata leo. Huku Kibomet sisi ni wazima. Mvua inanyesha karibu kila alasiri na mahindi yamebeba vizuri. Mke wangu, Mama Jentrix, anakusalimu.

Najua tangu tumzike ndugu yangu Kizito umekuwa na majonzi, na mimi pia ninayo. Mimi ndiye niliyemfundisha kulima kwa ng'ombe akiwa bado mdogo. Lakini nyumba haiwezi kukaa bila mwanamume. Ndiyo maana siku ile mliponyolewa nywele baada ya mazishi, wazee wakiwa wameketi, nilisimama nikafungua Biblia. Sikusema maneno yangu. Nilisoma Neno: nduguye marehemu amtwae mjane awe mke wake. Kila mtu alisikia, na wewe mwenyewe ulitikisa kichwa. Mzee Eliakim, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, akasema mambo yasiharakishwe, uachwe ulie kwanza, halafu ujibu siku tutakayojengea kaburi kwa simiti, tarehe kumi na tano Novemba.

Ninakuandikia ili usihangaike kutafuta jibu. Jibu liko tayari. Utaulizwa mbele ya watu nawe utasema, "Nimekubali, kama Maandiko yanavyosema." Hayo tu. Ukisema mengine, wazee watakwambia urudi kwenu Kimilili, na unajua watoto ni wa ukoo na shamba ni la ukoo. Mimi sitaki ufike huko.

Koti langu nililiacha limetundikwa chumbani mwako, na gambuti zangu za kukanyagia matope ziko mlangoni. Usiviondoe. Watu wa huko wanaelewa maana yake, na wanaume wa nje hawatakusumbua.

Wako katika huduma,
Hillary
Mzee wa Kanisa


Mabanga, Bungoma
2 Septemba 2003

Shemeji Hillary,

Barua yako imefika. Nililetewa na Nabwile, jirani yangu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, maana sanduku la posta tunalotumia ni la kanisa. Hapa tuko. Hiram amerudi shuleni, wadogo zake wana mafua. Nywele zangu zimeanza kuota.

Ni kweli nilitikisa kichwa. Siku ile hata ungesoma bei ya mbolea ningetikisa kichwa. Nilikuwa nimetoka kunyolewa, upepo unanipiga kichwani, na sauti yako inapanda na kushuka. Nilichojua ni kwamba ni Biblia. Nimelelewa hivyo: Biblia ikisomwa, unatikisa kichwa.

Kuhusu koti. Msumari ule ulikuwa wa koti la Kizito. Ulilitoa la kwake ukatundika lako, mimi nikiwa jikoni nawapakulia wageni. Nilipoingia kulala nikaona koti la mwanamume ukutani, nikadhani, kwa muda mfupi tu, kwamba mume wangu amerudi. Sijui kama uliwaza hilo.

Lakini mimi ni mtu wa kumwogopa Mungu. Kama ni neno lake, mimi ni nani hata nilikatae. Nakuomba kitu kimoja: niambie ni kitabu gani na sura gani, kwa sababu ulisoma mbio, na nataka kuisoma polepole na wenzangu kabla sijajibu.

Na Mama Jentrix anasemaje? Katika barua yako anasalimu tu.

Ni mimi,
Wilkista


Kibomet, Kitale
10 Septemba 2003

Mama Hiram,

Nimefurahi kuona unamcha Mungu. Andiko ni Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na tano, mstari wa tano. Shika ile sehemu ya mwisho ya mstari, hapo ndipo penye amri. Mengine yaliyo kabla na baada ni desturi za Wayahudi wa zamani, yatakuchanganya bure. Hata sisi tuliosomea huduma tunayapitia kwa uangalifu. Na sioni haja ya kuyapeleka kwa kikundi. Akina mama wakikusanyika, mambo huwa mengi.

Soma pia habari za Ruthu. Boazi alimfunika Ruthu kwa nguo yake, na mimi nimeacha koti. Unaona vile Mungu hupanga.

Mama Jentrix amekubali kwa moyo mweupe, amesema atakuita dada. Desemba tukishavuna nitahamia Mabanga nilisimamie shamba nikiwa karibu. Yeye atabaki hapa na watoto kwanza.

Mwambie Hiram aanze kuniita baba. Kijana wa umri wake akikaa bila mtu wa kumwogopa ataharibika.

Wako katika huduma,
Hillary


Mabanga, Bungoma
21 Septemba 2003

Mama Jentrix,

Sina salamu leo.

Wewe na mimi tumeolewa na ndugu wawili. Nilipojifungua Hiram ni wewe uliyenipikia uji. Nilipofiwa ulilala nami kwenye mkeka, ukanishika mgongo nilipokuwa nashindwa kupumua. Sasa mumeo ananiandikia kwamba umekubali aniingilie nyumba, kwa moyo mweupe, ati utaniita dada.

Ungeniambia usoni. Ulikaa jikoni kwangu unachambua mboga, mume wako yuko chumbani anatundika koti kwenye msumari wa marehemu, na ukaniuliza kama chumvi imetosha. Ulikuwa unanionea huruma au ulikuwa unapima nyumba?

Mimi nimepewa andiko, na bado sijui nifanye nini nalo. Lakini wewe hukupewa andiko la kuninyamazia. Nimekasirika na sifichi.

Wilkista


Kibomet, Kitale
30 Septemba 2003

Mama Hiram,

Barua yako niliisoma nimesimama karibu na jiko, na kidogo tu niitie motoni.

Wewe ndiye wa kuniuliza mimi? Tuliporudi kutoka mazishini Baba Jentrix aliniambia ulimshika mkono ukilia, ukamwomba asikuache, ukasema bila yeye utakufa na watoto. Ati yeye hakutaka. Ati alifunga na kuomba hadi Bwana akamwonyesha andiko. Basi nikakuchukia, nakwambia wazi. Nilikuwa nasonga ugali nikikutukana moyoni, wewe niliyekupikia uji.

Nilipokataa, alinisomea habari za Sara, vile alivyompa mumewe yule Hajiri kwa hiari yake. Akafunga kitabu hapo. Mimi si msomaji sana lakini hadithi hiyo naijua tangu utotoni, na najua Hajiri aliishia jangwani, maji yamekwisha, mtoto analia. Na Sara naye hakuwahi kulala usingizi tena katika nyumba ile. Nilipomkumbusha, akasema nina roho ya ubishi. Jumapili iliyofuata akaniombea mbele ya kanisa lote kwa jina langu, nitolewe pepo la wivu. Nilisimama pale nimefumba macho, nasikia wanawake wenzangu wakisema amina.

Huo moyo mweupe sijui ni wa nani. Wangu mweusi kama chungu.

Na kuna jambo hulijui. Sehemu yake ya shamba la baba yao aliiuza kitambo, ndiyo akapata ploti hii ya Kibomet. Sasa macho yake yako kwa ile ya Kizito. Ananiambia nibaki hapa "kwanza." Hiyo kwanza yake naijua mwisho wake.

Niambie ukweli. Ulimwomba au hukumwomba? Kama hukumwomba, basi tumedanganywa sote wawili na mdomo mmoja.

Edah


Mabanga, Bungoma
12 Oktoba 2003

Shemeji,

Leo siandiki kwa upole. Tafuta mahali ukae.

Jumatano kikundi kilikutana kwangu. Hujawahi kuona vile tunafanya, kwa sababu hatualiki wazee wa kanisa. Mmoja anasoma sura yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Kisha kitabu kinafungwa na tunanyamaza. Hakuna wimbo, hakuna amina. Halafu kila mmoja anasema alichosikia kwa masikio yake mwenyewe, na ni marufuku kusema pasta alisema. Tulianza hivyo zamani kwa sababu Biblia ilikuwa moja na baadhi yetu hawaoni herufi ndogo. Siku hizi Biblia ziko nyingi, lakini hatujaacha, maana tumeona kwamba mtu akijua kitabu kitafungwa, anasikiliza.

Nabwile alisoma. Alipokaribia mstari wako nilikuwa nimeinamisha kichwa, tayari kutii. Mungu ni shahidi yangu. Kisha nikasikia. Inasema ndugu wakikaa pamoja, na mmoja akafa, naye hana mwana.

Hana mwana, shemeji. Maneno hayo yako katika mstari ule ule, mbele kidogo tu ya hayo uliyotusomea. Uliyaruka. Nakumbuka ulikohoa hapo, ukafuta uso kwa leso, na mimi nikadhani ni uchungu wa ndugu yako.

Sasa nikuulize. Mimi unaniita nani? Unaniita Mama Hiram. Uliniita hivyo Hiram alipozaliwa, uliniita hivyo makaburini, na umeniita hivyo katika kila barua. Huyo Hiram ni nini basi, ni mbuzi? Unaandika juu ya karatasi jina la mwana wa ndugu yako, halafu chini yake unanipa sheria ya mtu aliyekufa bila mwana. Tena unataka mwana huyo huyo ambaye hayuko akuite baba.

Kitabu kikafungwa, tukanyamaza. Mama mmoja akasema amesikia kwamba hata huyo ndugu akimchukua mjane, mtoto wa kwanza anabeba jina la marehemu ili lisifutike. Kwa hiyo nyumba inabaki ya marehemu. Mwingine akasema amesikia "wakikaa pamoja," akauliza kama Kitale imesogezwa ikawa Mabanga. Wakacheka. Mimi sikuweza.

Na Ruthu tulimsoma pia, kitabu chote. Ruthu alikwenda kwa miguu yake. Boazi hakuingia chumbani mwake akatundika nguo wakati yeye anapakulia wageni. Alikwenda langoni asubuhi, mbele ya wazee, akauliza waziwazi kama kuna mwingine mwenye haki. Wewe uliniandikia hadi jibu langu.

Ungenijia kwa ubabe wa kawaida, ningekufukuza na mwiko, tukaisha. Ulijua hivyo. Kwa hiyo ulikuja na kitu ambacho ninakipenda na siwezi kubishana nacho, ukakikata, ukanipa kipande. Nimelala na kipande hicho tangu Julai. Nimelia, nikamwuliza Mungu kwa nini anataka kunilaza na shemeji yangu, na kwa nini mume wangu hakumtosha. Nimemkasirikia Mungu miezi hii yote, bana, na kumbe ni wewe. Shamba naweza kukusamehe. Hilo sijui nitakusamehe vipi.

Njoo uchukue koti lako.

Wilkista


Kibomet, Kitale
20 Oktoba 2003

Mama Hiram,

Barua yako nimeichukua kama ya mtu aliye msibani, la sivyo ningeipeleka kwa pasta wako leo leo.

Huyo Nabwile alisomea wapi? Paulo alisema mwanamke akitaka kujua jambo amwulize mumewe nyumbani. Wewe mume hayuko, ndiyo maana unauliza majirani. Hapo tu ungeona kwamba unahitaji kichwa.

Unashika neno moja, mwana, mwana, kama mtoto aliyejifunza kusoma jana. Hiram bado ni mwanafunzi. Hawezi kusimamia shamba wala kusema mbele ya wazee. Mwana asiyeweza kusimama ni sawa na hayuko. Ndivyo sisi tunavyofafanua.

Nimezungumza na Mzee Eliakim. Tumekubaliana kwamba siku ile jambo litaamuliwa kwa Neno, si kwa kelele za jikoni. Kitakachosomwa ndicho kitakachofuatwa. Biblia nitabeba mimi na msomaji ni mimi.

Ukikosa kusema yale niliyokupa, jioni hiyo funga mizigo yako. Watoto hawatoki.

Hillary
Mzee wa Kanisa


Kibomet, Kitale
3 Novemba 2003

Mama Hiram,

Jibu lako nimelipata kanisani, yule binamu ya Nabwile alinipa ndani ya kitabu cha nyimbo. Unasema hukumshika mkono. Nimekuamini. Matusi niliyokutukana hukuyasikia, kwa hiyo sikuombi msamaha, na wewe usiniombe kwa ile barua. Tuna kazi.

Unasema mlisoma sura nzima. Nami juzi, Baba Jentrix akiwa kinuni, nilichukua Biblia yake nikaenda nyuma ya nyumba nikafanya kama mnavyofanya. Nilisoma kwa sauti, kuku wakinisikiliza. Basi na wewe ulisikia lile la kiatu. Mbona hukumwandikia? Nadhani najua.

Nitakuja naye tarehe kumi na tano. Usinisalimie kwa furaha. Mvua ikiwa imenyesha nitamwambia asichafue viatu vyake vyeusi, avae gambuti zilizo kwako. Atafurahi, anapenda watu wamwone nazo hapo kwenu.

Edah


Kibomet, Kitale
23 Novemba 2003

Wilkista,

Nimengoja siku hizi zote hasira ipungue, na haijapungua.

Nilipotoka kukanyaga simiti na matope ya kaburi la ndugu yangu, nikaketi mbele ya wazee, na nikakuona unakuja unapiga magoti miguuni pangu, nilimshukuru Mungu. Niliona Mzee Eliakim akitikisa kichwa, ameridhika. Nikanyoosha mguu unisaidie kuvua, kama mwanamke mwenye adabu anavyofanya. Nikatabasamu. Watu wote walinitazama nikitabasamu. Halafu ukavuta gambuti moja, ukasimama nayo mkononi, ukanigeuzia mgongo.

Na Biblia yangu mwenyewe, niliyoiweka kwenye kiti, nikaiona kwa Nabwile. Nani alimpa? Mama Jentrix anasema hajui. Yule mwanamke akasoma hadi mwisho wa habari ile, kwamba ndugu asiyetaka kujenga nyumba ya nduguye, mjane amwendee mbele ya wazee, amvue kiatu, na nyumba yake iitwe ya mtu aliyevuliwa kiatu. Mzee Eliakim angenyamaza ingekuwa nafuu. Lakini akasema, "Rudia kutoka juu, polepole." Ikarudiwa kutoka juu. Akauliza watu, "Kizito alikuwa na mwana?" Ukamsimamisha Hiram. Sikujua amekuwa mrefu hivyo. Mzee akaniambia, "Si wewe ulisema kitakachosomwa ndicho kitafuatwa?" Akaomba chai, na jambo likaisha hivyo, mimi nimekaa na soksi.

Viatu vyangu vyeusi havikuonekana. Nilisafiri hadi Kitale na gambuti moja.

Sasa nikuambie kosa lako, wewe unayejifanya kusikia. Sheria hiyo ya kiatu ni ya ndugu anayekataa kumchukua mjane. Mimi sikukataa. Mimi nilitaka. Umelitumia Neno mahali pasipo pake, hilo unalonilaumu mimi. Hilo nijibu.

Hapa Kibomet habari imefika. Sokoni wanasema nyumba ya gambuti moja. Pasta amenishauri nipumzike kidogo kusoma ibadani. Mama Jentrix anasonga ugali akijichekea.

Nataka koti langu, gambuti yangu, na barua ya kuomba msamaha nitakayoisoma kanisani.

Hillary


Mabanga, Bungoma
1 Desemba 2003

Shemeji,

Koti nimelifunga kwenye gunia safi, Nabwile atalifikisha. Kwenye msumari nimerudisha la Kizito. Viatu vyeusi sijui habari zake, muulize anayekupikia. Barua ya msamaha haipo.

Umeniuliza jambo la maana nami nitalijibu, kwa sababu ni mara ya kwanza tangu tujuane umeniuliza kitu cha Biblia badala ya kunisomea. Unasema wewe hukukataa, ulitaka. Nimekaa na swali hilo siku kadhaa. Nililipeleka hata kwa kikundi, tukasoma tena, tukanyamaza tena. Mimi nilichosikia ni hiki. Yule ndugu hakuvuliwa kiatu kwa sababu ya mwanamke. Alivuliwa kwa sababu hakutaka kujenga nyumba ya nduguye. Nyumba ya Kizito ni Hiram na wadogo zake na mahindi niliyopanda kwa mkono wangu. Wewe ulitaka kuingia ndani ya nyumba hiyo uibomoe, uchukue mabati. Kumtaka mjane si kumjengea marehemu. Sheria ile Mungu aliiweka ili mwanamke kama mimi asitupwe nje, na wewe uliichukua ukanitishia kunitupa nje kwa hiyo hiyo. Kama nimesikia vibaya, njoo Jumatano ukae mkekani na wenzangu, useme ulichosikia wewe. "Pasta alisema" hatukubali.

Tena kuna mstari umeuruka. Hujaacha tu. Sura inasema mjane amvue kiatu na amtemee mate usoni. Hilo hukuliandika, lakini najua unalijua, maana niliposimama na gambuti mkononi ulifumba macho ukingoja. Mate nilikuwa nayo, shemeji. Nilikuwa nimeyaweka tangu Oktoba. Niliyameza kwa sababu Mama Jentrix alikuwa amesimama nyuma yako, na ni yeye angefua shati.

Gambuti yako iko mlangoni palepale ulipoiacha, moja peke yake. Watu wa hapa wanaelewa maana yake, na wanaume wa nje hawanisumbui.

Bado nimekasirika. Nikisoma Zaburi nasikia sauti yako ikikohoa katikati, na nalazimika kurudi mwanzo. Itachukua muda kabla sijaweza kusikia Biblia bila kutafuta mahali ilipokatwa. Hiyo ndiyo hasara yangu, na huwezi kunilipa.

Lakini kuna kitu nimekiona katika barua yako. Nilikuwa nimesimama mlangoni naifungua, na nilipofika neno la kwanza nikarudi kulisoma tena. Umeandika Wilkista. Tangu Hiram azaliwe hujawahi kuniita hivyo. Miezi yote hii uliandika lile jina lingine juu ya karatasi bila kulisikia, hata siku ulipokuwa unanifukuza. Sasa mkono wako umekataa kuliandika.

Basi ulisikia. Hutakubali, lakini siku ile umekaa na soksi, ilipokuwa inarudiwa polepole, ulisikia.

Ukiniandikia tena, hata kama ni kwa hasira, andika jina langu lote, bila kuruka.

Mama Hiram